Nilimeza jina ya grand frère yangu mbele ya ba avocat

Admin, asante kwa kunifichia jina. Ba ndugu benye mutasoma hii, mimi ni mwanamuke wa miaka 36, niko na bwana na batoto batatu, tunaikala Butembo. Kazi yangu ni kutafsiri: batu banasema Kinande ao Swahili, mimi nasema French. Sikuje hapa kutafuta huruma. Naandika sababu kwa nyumba siwezi kusema.

Kuko komite moja ya ba avocat, ni kusema ba wakili, ba inchi mbalimbali, inapiganisha rushwa. Ilikuja Beni, ikafundisha ba avocat vijana, kisha kwa siku tatu ikasikiliza batu benye kesi zao ziliharibiwa na rushwa. Balinibeba kama mutafsiri. Mbele ya kuanza nilinyoosha mukono, nikaapa: nitasema kila neno, sitaongeza, sitapunguza.

Siku ya pili akaingia mama mumoja muzee, mujane wa Masereka. Anasema Kinande tu, French hajue hata kidogo. Akasema kama bwana yake alimuachia shamba ya viazi, shemeji yake akaikamata. Mama akamushitaki, akashinda. Mais ile karatasi ya hukumu, hakupewa hata leo. Greffier, karani wa mahakama, alimuambia, “Mama, unikatie kwanza kipande ya hiyo shamba, njo nikupe karatasi.” Akakataa. Kisha kila akirudi ku bureau, banamujibu, “Dossier ilipoteaka.” Bila karatasi, shemeji anaendelea kulima.

Nilikuwa natafsiri vizuri. Kisha akataja jina ya ule greffier. Ni grand frère yangu, kaka mukubwa.

Tumetoka tumbo moja. Baba alikufa nikiwa ningali masomo ya primaire, na ni yeye alikubali kuacha université juu mimi nisome. French yenye nasemaka, ni yeye aliniletea. Leo mama yetu anaishi kwake.

Nikamaliza kutafsiri, jina sikuisema. Nilisema tu “un agent du tribunal”, mutumishi mumoja wa mahakama. Maître mumoja, avocat mwanamuke, mutu wa mbali, akaacha kuandika, akaniangalia. “Anajua jina ya huyo agent?”

Nikajibu hapana: “Non.”

Ule mama muzee akanivuta mukono polepole. “Mwali wetu, amekuuliza nini?”

“Amekuuliza kama umechoka, mama.”

“Umwambie sijachoka. Nilitoka Masereka na miguu mbele ya kupata pikipiki. Sijachoka.”

Nikageuka kwa maître, nikasema kwa French kama mama anashukuru. Maître akatikisa kichwa, akaita mutu mwengine. Wakati wa kutoka, ule mama akanikamata mikono yote mbili: “Wasingya, asante, mwali wetu. Mungu akulinde.” Nilingoja nisikie haya. Haya haikukuja. Nikakunywa fanta yangu, nikaendelea na kazi mpaka jioni.

Kurudi Butembo, nilienda kumuona grand frère. Nilimueleza yote. Nilifikiri atakana, ata kidogo tu. Alikuwa anakula, hakuacha kula.

“Ile karatasi haikupotea,” akasema. “Iko mu kabati yangu. Mama ule ni kichwa nguvu. Shemeji yake, yeye alielewa, alinikatia kipande.”

“Yaya, kaka yangu, ule ni mujane.”

“Bajane ni wengi. Wewe ulifanya vizuri, wewe ni damu yangu.”

Wiki yenye ilifuata alitutumia gunia moja ya viazi. Nilijua viazi vinatoka kwa shamba gani. Nilivimenya, nikavipika na sombe, majani ya muhogo, batoto bakakula, bwana yangu akaomba tena. Na mimi nilikula. Vilikuwa vitamu. Niseme ukweli, sikusikia kitu mu roho, kama mutu mwenye bamechoma sindano ya kungoa jino. Unajua iko kitu inaumiza, mais haiumi. Hata ku misa, wakati wa kuomba musamaha, napiga tu kifua sawa bengine.

Sasa ba maître bameniandikia. Banamaliza rapport yabo. Benye walitajwa bataitwa kujibu. Juu ya ule mama, bamesema wazi: bila jina, dossier yake watafunga. Siku ile balikuwa banarekodi, donc bamenitumia enregistrement ya sauti yake na ile tafsiri yangu. Nisikilize tena, kama kuko kosa nisahihishe, kisha niweke saini. Banangoja mpaka vendredi, Ijumaa hii. Pale kwabo hakuna mwengine mwenye kusikia Kinande.

Nimesikiliza mara ine. Jina inasikika muzuri kabisa, mama anaitaja mara mbili. Kisha inakuja sauti yangu: “Non.” Ni sauti ya mutu mwenye amekaa salama.

Nikisahihisha, grand frère atapoteza kazi, pengine atafungwa, mama yetu atakosa pa kuikala, na familia yote itajua ni mimi. Tena nitakuwa nimekubali kama nilivunja kiapo, na mimi pia kazi itaisha. Nikiweka saini, ule mama hatapata shamba tena, na hatajua ni juu ya nini. Atafikiri ba avocat walimusahau.

Bwana yangu hajue. Padri sijamuambia. Ni nyinyi bakwanza.

Munishauri, ba ndugu. Kama munataka, munitukane kwanza, nitasoma yote. Mais kisha muniambie: niweke saini, ao nirudishe jina? Leo ni mercredi, imebaki siku mbili.