Samaki Waliobaki Ndani ya Mashine

Nina ugonjwa wa kubana matumizi. Hata leo nikiona taa inawaka kwenye chumba kisicho na mtu, nasikia kama naibiwa. Ugonjwa huo ulinipata kazini, Mpanda, miaka ya tisini, nilipokuwa mpigachapa wa shule moja ya sekondari. Umeme wa shule nzima ulikuwa paneli moja ya jua juu ya paa la ofisi, na betri ya lori chini ya meza yangu.

Betri hiyo ilibeba kila kitu: taa ya ofisi, printa yenye kelele, na kompyuta ndogo ya kukunja ambayo marafiki wa shule wa ng'ambo walitupatia baada ya wao kuichoka. Ilikuja na mifumo miwili ya kuiendesha. Mmoja ulikuwa wa madirisha, wenye picha na rangi. Ukiuwasha, diski ya ndani inaanza kuvuma na hainyamazi tena, na moto wa betri unashuka huku unautazama. Wa pili ulienea kwenye disketi moja tu. Huo ulikuwa na kioo cheusi, maandishi meupe, na kialama kinachopepesa kikikungoja uandike amri. Ukiutumia, diski ya ndani inalala na betri inapumua.

Sikuchagua kwa kubahatisha. Niliazima kipimo cha umeme kwa fundi redio wa sokoni, nikaipima mifumo yote miwili siku za jua na siku za mawingu. Kwa madirisha, nilikuwa simalizi mtihani wa kidato kimoja kabla betri haijakata. Kwa disketi, nilikwenda kidato baada ya kidato: natoa utepe wa printa, naweka stensili, ile karatasi ya nta, pini zinaitoboa, kisha mitihani inachapwa kwa mashine ya mkono. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba kuanzia siku hiyo ni mfumo mweusi tu, na mtu asiguse ule mwingine. Alicheka, akasema ofisi yake imepata mwanajeshi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Ila nilikuwa nimeshamsimulia mama.

Mama alikuwa mkulima wa tumbaku Katumba, kama wazazi wengi waliokuja pale wakitokea Burundi. Nilipotaka kwenda Tabora kusomea kompyuta, wenzake wa kwaya walimwambia anapoteza jasho lake, kwa kuwa wasichana wa rika langu walikuwa wanabeba watoto mgongoni. Alinipeleka hivyo hivyo. Kule chuoni mashine zote zilikuwa za madirisha, na ukiziacha bila kuzigusa, walitokea samaki wa rangi wakaogelea kwenye kioo. Niliporudi nilimweleza mama habari za wale samaki, na nilipopata kazi nikamwambia kwamba hata mashine ya shule inao. Ilikuwa nao kweli. Mama aliwashika hao samaki akawabeba mpaka kanisani, na kila aliyemchokoza kuhusu binti asiyeolewa alijibiwa kwa samaki.

Ikafika Jumamosi moja ya masika. Jua lilikuwa halijaonekana vizuri kwa siku nyingi, na mitihani ya muhula ilikuwa inaanza katikati ya wiki iliyofuata. Nilikuwa peke yangu ofisini naandaa stensili niliposikia sauti za wanawake uani. Mama alikuwa mbele, amevaa kitenge cha Krismasi. Nyuma yake walikuwa wenzake wa kwaya, wameteremka kwenye lori la mahindi. Walikuja na kuku, unga na mkungu wa ndizi, kama watu wanaokwenda kumwona mzazi na mtoto wake mchanga.

Niliwakaribisha. Nilitazama betri. Nilitazama mawingu. Nikajiambia kwamba mitihani ya watoto wa watu haiwezi kusimama kwa ajili ya maonyesho, tena nikajiona mtu mwenye msimamo. Niliwasogeza karibu na meza, nikawaonyesha kioo cheusi, nikaanza kuwafundisha. Niliwaeleza habari za disketi, za diski inayolala, za moto unaookolewa. Nilizungumza vizuri mno. Walisimama wamebana vitenge vyao, wakingoja nimalize nifungue penye samaki.

Nikamaliza. Kiongozi wa kwaya, mama mtu mzima anayeheshimika, aliinama akakitazama kioo kutoka kona hadi kona.

"Kumbe ni ubao," alisema.

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Mmoja akajikohoza, mwingine akazibia kicheko kwenye upande wa kitenge. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Kisha aliinua uso akawageukia wenzake.

"Nyie msimlaumu mtoto. Ni mimi niliongeza chumvi. Yeye hakuniambia habari za samaki."

Kama kuna wakati nilipaswa kufunga mdomo ni pale. Lakini mimi na unyoofu wangu nikaona siwezi kumwacha mama abebe neno lisilo lake.

"Hapana mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyekwambia."

Nilidhani namtetea. Kumbe nilikuwa nimemvua nguo aliyojivisha mwenyewe mbele ya wenzake. Sasa hakuwa tena mama aliyetia chumvi kwa furaha, jambo ambalo kila mzazi husamehewa. Alikuwa mama aliyedanganywa na mwanawe, halafu akadanganya kumficha. Wanawake waliweka kuku na unga pale kwenye kona, wakaniaga kwa upole, wakaanza kuondoka.

Mama alibaki nyuma mpaka wenzake walipofika barabarani. Aliniuliza kwa sauti ya chini wale samaki walikwenda wapi.

"Wamo humo humo," nilimjibu.

"Ndani ya hii hii?"

"Ndiyo mama. Ila wanakula betri."

Aliigeukia mashine. Mpaka dakika ile alikuwa ameamini kwamba mashine haikuwa na samaki, kwamba nilikosea, au nilijisifu kama watoto wanavyojisifu. Hilo angelibeba. Nilimwona usoni akielewa kwamba samaki walikuwepo, kwamba ningeweza kuwafungua, na kwamba nilipima, nikaamua.

"Haya," alisema. "Kazi njema, mwanangu." Alifunga kitenge vizuri akawafuata wenzake. Kwenye mambo ya kwaya sikumsikia akinitaja tena, na kazini kwangu hakurudi.

Niliona aibu usiku ule, na bado ninaiona, hasa nikisifiwa kwa kutopoteza vitu. Jumatatu nilimaliza stensili za vidato vyote, mvua ikinyesha. Nilipofunga mashine nilichukua kipimo cha fundi redio, ambacho bado nilikuwa nacho, nikakigusisha kwenye betri, kwa mazoea tu.

Moto ulikuwa umebaki mwingi.