Mlimani Hakuna Karibu ya Pili

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua katika milima ya Wales ambayo naikumbuka kila ninaposikia kijana akijibu "niko poa". Siku hizi nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Na wiki hii imenichemka kuliko wiki zote, kwa ajili ya mjukuu wangu Thuraya, anayekaa nami hapa Ansab, Maskati, na ambaye keshokutwa anaondoka kwenda huko huko Wales kuendesha baiskeli.

Thuraya ana kundi la wasichana wenzake wanaoendesha baiskeli za mashindano. Ijumaa iliyopita walitoka alfajiri wakapanda ile akaba ya kwenda Amerat, njia iliyo wima hata magari huipanda kwa kuguna. Alirudi jua limeshakuwa kali. Uso umempauka, midomo imekauka, vidole vinamtetemeka hata hawezi kufungua kamba ya kofia. Nikamwuliza, "U mzima?" Akanijibu, "Niko poa, Bibi." Kisha akaanguka juu ya zulia langu, kofia bado ipo kichwani.

Mimi nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, basi nilijua la kufanya. Nikamvua viatu, nikamwekea vitambaa vya maji shingoni na makwapani, na alipopata fahamu nikamnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Na alipofumbua macho, unajua aliniambia nini? "Niko poa." Lahaula! Baadaye ndio nikapata habari kwamba njiani wenziwe walimwuliza kama anataka kupumzika, akakataa. Mmoja akampa chupa yake ya maji, akakataa. Ati hakutaka kumsumbua mtu.

Nimekasirika, ndiyo, sifichi. Lakini ugonjwa huu najua ulikotoka. Umetoka kwetu.

Sisi watu wa Unguja ndivyo tulivyolelewa, na tulipohamia huku Maskati tukaja nao. Ukiulizwa hujambo, unasema sijambo, hata kama una homa ya kukulaza kitandani. Unaulizwa habari za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Salamu zikishazunguka vya kutosha ndipo unaposema, "Ila huu mguu wangu unanisumbua kidogo," na mguu wenyewe umevimba hauingii kiatuni. Ukiletewa halwa unasema umeshiba. Mwenyeji anakukaribisha tena, unakataa tena, anakuapia, basi unakula, na unakula sana. Ni adabu nzuri na mimi siikatazi. Tabu yake ni kwamba inataka watu wawili wanaoijua.

Mimi niliichukua nikaenda nayo Wales. Nilikuwa msichana, nimepelekwa kusomea uuguzi katika hospitali ya mji mdogo kwenye bonde la Rhondda. Bonde lenyewe jembamba, nyumba zimepangwa mistari mistari ubavuni mwa mlima, na juu yake inapita barabara ya kuvukia bonde la pili, mahali wanapopaita Bwlch. Wageni wenzangu walihangaika na jina hilo. Mimi ile ch ya mwisho niliitoa kooni bila shida, kwa kuwa ni kha yetu hii hii, na wenyeji wakafurahi wakadhani nna akili nyingi.

Msimamizi wa wodi yetu alikuwa Sista Eluned, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akiwachukua wanafunzi waliotaka, kila mmoja na baiskeli ya kuazima, akawapitisha mabondeni. Siku hiyo tulipanda kutoka mji wa Treorchy. Barabara inajikunja na kujikunjua, kondoo wamelala kando hawamwondokei mtu, na ukitazama chini unaona mapaa ya mji yanazidi kuwa madogo. Jua lilikuwapo. Nilipanda nikitokwa na jasho, nimevaa suruali na sweta na kitambaa changu kichwani, nikifurahi kuwapita wasichana waliozaliwa palepale.

Tulipofika juu nikadhani kazi imekwisha. Hapa kwetu ndivyo ilivyo, ukipanda akaba kwenye joto, kushuka ni raha tupu na upepo usoni. Kule kazi inaanzia kileleni. Ukungu ulikuja ghafla ukafuta mabonde yote mawili, upepo ukaanza kuuma, na jasho likanigandia mgongoni. Sista Eluned akafungua mkoba wake, akatoa glavu za sufu na koti la mvua, akaninyooshea. "Vaa hivi," akasema.

Nikasema, "Ahsante sana, sihitaji. Niko vizuri."

Wallahi nilivitaka, mwanangu. Nilikuwa natetemeka. Lakini ile ilikuwa karibu ya kwanza, na nilikuwa nimeshatengeneza uso wangu kwa kukataa ya pili, ili ya tatu nipokee. Sista akanitazama kidogo, akavikunja, akavirudisha mkobani, akapanda baiskeli yake akaondoka. Nikabaki nimesimama na uso wangu wa kukataa, hakuna wa kunikaribisha.

Nikamfuata. Mvua ikaanza kwenye kona ya kwanza. Kufika ya pili vidole sivisikii tena; naviona vimeshika breki, lakini nikiviambia vibane havibani. Baiskeli inazidi kwenda. Mkono wa kushoto kuna ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta hakuna kitu, ni bonde. Mbele, katikati ya barabara, kondoo amesimama ananitazama. Nikapiga shahada. Nikageuza usukani upande wa mlima, nikaingia kwenye mtaro wa maji na majani, nikaruka juu ya usukani, nikaangukia uso.

Sista Eluned alisikia kishindo akarudi anasukuma baiskeli yake mbio. Akanikuta nimekaa mtaroni, mdomo umepasuka, mkono umeteguka.

"Umeumia?"

Na mimi, damu inanitiririka kidevuni, nikamjibu, "Hapana, sijambo."

Ah! Sijapata kumwona mtu akikasirika namna ile. "Kule juu nimekupa koti, ukasema uko vizuri," akanifokea. "Hapa nakuuliza, unasema uko vizuri. Kesho wodini mgonjwa akikudanganya hivi, utamtibu vipi?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia kwamba kule juu nilikuwa nikingoja anikaribishe tena.

"Tena kwa nini?" Alishangaa kweli, hakuwa akinikebehi. "Mimi ninazo, wewe huna, nikakupa. Umekataa, nikakuheshimu. Sasa utakufa kwa kuona haya, msichana? Nimwandikie mama yako nini, kwamba ulikuwa na adabu?"

Akanivisha glavu mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa chekechea. Tukashuka kwa miguu mpaka kijiji cha chini, tukaingia mkahawani. Mwenye mkahawa akauliza kama nitakunywa chai. Nikasema ndiyo, na sukari, na mkate, na siagi juu ya mkate. Sista Eluned ndipo alipocheka.

Sasa urudi nami hapa Ansab. Kwa kuwa huyu mtoto wangu anakwenda kushuka mlima ule ule na vile viglavu vyake visivyo na vidole, juzi nikakodi teksi mpaka madukani Ruwi kumtafutia glavu za baridi. Katika joto hili! Duka la kwanza walinicheka. La pili wakanipa za kuoshea vyombo. La tatu wakanipa za kushikia sufuria ya moto, na yule kijana akaniambia, "Mama, baridi iko wapi?" Mwishoni mtu mmoja akanielekeza mtaa wa Ghala, wanakouza vifaa vya wafanyakazi wa maghala ya kuhifadhia samaki na nyama. Huko nikazipata, mpira nje na sufu ndani, na vidole vyake vinakunjika vizuri. Nikarudi magoti yanawaka moto.

Jana baada ya magharibi nikamkuta Thuraya anapanga mzigo wake. Nikamnyooshea glavu. Nikasema, "Chukua hizi."

Akasema, "Usijisumbue, Bibi. Nna zangu, niko poa."

Nikazikunja, nikazirudisha mfukoni, nikaenda zangu chumbani. Usidhani ilikuwa rahisi. Bibi mtu mzima nimezunguka mji mzima na magoti haya, na ulimi wangu wote unataka kusema, "Chukua mwanangu, naapa utazichukua." Niliung'ata. Nikakaa kitandani na glavu zangu, nikijiambia kwamba mtoto huyu nikimsihi leo, kule mlimani hatakuwapo wa kumsihi.

Nikamsikia akifungua na kufunga zipu za mzigo wake. Kisha mlango ukafunguliwa, akasimama pale kizingitini anachezea ncha ya shela yake.

"Bibi, zile glavu," akasema. "Nazitaka. Na Ijumaa sikuwa poa. Niliogopa."

Nikampa. Nililia, na aliniona ninalia, na aliponiuliza nikasema magoti yananiuma. Na kweli yananiuma.

Basi nisikilize na wewe, mwanangu. Sijambo yako iache mlangoni pa watu, ni mahali pake, na halwa kataa mara mbili kama ulivyofundishwa. Lakini ukiwa na wenzako kwenye njia ngumu, anayekuuliza hali yako hakusalimii. Anataka kujua kama akungoje. Mwambie ukweli mara ya kwanza: nimechoka, nnaona baridi, nna kiu, naogopa. Ukipewa kitu unachokihitaji, nyoosha mkono ukichukue kabla mkoba haujafungwa.

Mwenyezi Mungu akupandishe salama na akushushe salama. Akujaalie wenzako wasiokuacha nyuma, na ulimi wa kuwaita kabla hawajafika mbali. Vidole vyako vikutii, mwanangu, na huko bondeni ukute chai ya moto inakungoja. Amin.