Feza Yangu, Chama Yetu

Kaka yangu Amadi, mtoto wa Nasoro, alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani kwetu, komini ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, karibu na soko. Alitengeneza vitanda na makabati, na mlango wake ukikaa haukulia. Lakini watu waliotoka mitaa ya mbali, Ruashi na Naviundu, kumuulizia hawakufuata vitanda. Walifuata gitaa lake, alilolichonga mwenyewe kwa mbao za masanduku, likawa na sauti nyembamba ya huzuni hata kwenye arusi.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka saba, naye Amadi akanilea. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita kaka na dada zetu wakubwa hapa Lubumbashi.

Miaka hiyo mjini kulikuwa na okestra nyingi, na kila okestra ilikuwa na mwenyewe: tajiri aliyenunua magitaa, ngoma, vipaza sauti na sare za wachezaji. Mara mbili walikuja kumchukua Yaya, mara mbili akakataa. Mkewe Habiba alimuuliza sababu, naye akajibu huku anapiga randa:

"Ukipigia gitaa ya muntu, kesho atasema hata kikohozi yako ni ya kwake."

"Na disiki je? Bantu banatoa disiki, jina yabo inajulikana."

"Disiki zinafanyiwa Kinshasa, Habiba. Unapeana wimbo yako, inapanda ndege, inarudi na jina ya mwengine. Halafu we mutunzi unaisikilizia mu redio ya jirani, sawa mupita njia. Mi sitaki. Nitapiga hapa, benye kunisikia banione na macho."

Hakuwa na uchungu aliposema hivyo. Alikuwa mtu aliyechagua njia yake na kuridhika nayo.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Feza. Alipenda kutoka mbio peku, na kila asubuhi uani kwetu ilisikika sauti ya Yaya: "Feza, viatu!" Katika mwaka wa sabini na nne, mwezi wa sita, wakati wa baridi kali, surua iliingia mtaani. Feza aliugua siku tisa. Alikuwa na miaka minne. Mbao za kumfunikia kaburini Yaya alizipasua mwenyewe. Mafundi wenzake walitaka kumpokea msumeno, akawakatalia. Alizipiga randa pande zote mbili, ingawa ni mbao zinazokwenda chini ya udongo, hakuna atakayezigusa.

Gitaa lilikaa ukutani miezi miwili. Jumapili moja mchana akalishusha, akakaa juu ya gogo, akaimba wimbo ambao hatukuwahi kuusikia:

*Feza yangu, umeenda bila viatu,*
*njia ya kule iko na baridi,*
*ngojea, baba atakuletea.*

Habiba alikuwa anachambua mboga. Aliinuka akaingia ndani. Jumapili iliyofuata alibaki hadi ubeti wa pili. Jumapili ya tatu alikaa mpaka mwisho, na tangu siku hiyo nilimwona akila chakula kama mtu anayetaka kuishi.

Wimbo ule ukatoka uani kwetu ukaenda kwenye vilio vya watu, yaani misibani. Mama aliyefiwa alikuja kumwomba Yaya aende amwimbie. Aliimba, akaondoa jina la Feza, akaweka jina la marehemu wao. Nilimuuliza kama haimuumi kumtoa mwanawe namna hiyo.

"Mwenye kufiwa achukue," alisema. "Ile wimbo, mwenye kulia ndiye mwenyewe."

Kwenye kilio kimoja alikuwapo Gérard. Huyu alikua pamoja na Yaya na sasa aliongoza okestra kubwa. Amri ya kuacha majina ya Kizungu ilikuwa imekwisha kutoka, naye alikuwa amejichagulia jina refu la mababu, lakini sisi tulimwita Gérard vilevile tukiwa ndani ya nyumba. Alisikiliza, akalia. Nitasema kweli: alilia machozi ya kweli. Akamwomba Yaya arudie, kisha arudie tena. Kabla ya kuondoka aliuliza, "Umeandikisha huu wimbo?"

"Niandikishe kilio?" Yaya akamjibu. Wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watu msibani.

Mwaka uliofuata, mimi nilikuwa nauza samaki wakavu sokoni. Mkuu wa soko alipita meza kwa meza akatangaza kwamba kila mama anayetaka kubaki na meza yake atacheza siku ya sherehe ya Chama, kile kimoja kilichotawala nchi. Jumamosi saa nane tukakusanyika kwenye uwanja wa shule, wanawake sitini. Tuligawiwa vitenge vyenye picha ya Kiongozi wa nchi, uso wake ukatukalia kifuani na matakoni. Gérard alikuwa mbele yetu na filimbi shingoni. Akasema ametutungia wimbo mpya. Mpiga gitaa wake akaanza.

Niliujua kabla ya sauti ya tatu.

*Chama yetu, umetuvalisha viatu,*
*njia ya mbele iko na mwangaza,*
*ngojea, baba atakuletea.*

Mstari wa mwisho hawakuugusa. Haukuhitaji kuguswa. "Baba" sasa alikuwa yule aliyekuwa kwenye vitenge vyetu.

Nilimtazama Gérard, naye akatazama pembeni. Wenzangu walishika wimbo upesi, maana nusu yao walikuwa wameusikia kwenye vilio. Mmoja, mama Albertine, ambaye Yaya alimwimbia alipofiwa na mwanawe, alinishika mkono akauminya, lakini mdomo wake uliendelea kuimba. Na wangu pia. Ningesema niliimba kwa sababu ya meza yangu ya samaki, lakini meza ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa woga, ule woga wa miaka ile ambao hukuhitaji kutishwa ili uupate.

Nilirudi nyumbani. Habiba akauliza tumefundishwa nini. "Kucheza tu," nikasema. Majuma matatu nililala na kuamka na uongo huo, nikikusudia kila asubuhi kumwambia Yaya.

Siku ya sherehe karakana zote zilifungwa, na asiyefika jina lake liliandikwa. Yaya alifika. Kwa urefu wake nilimwona tangu mbali, amesimama nyuma ya kamba. Gitaa likaanza, na pale nikaona kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi moyoni: Yaya alitabasamu. Kwa muda wa pumzi moja alidhani mji mzima umekuja kumlilia mtoto wake. Halafu wanawake sitini tukafungua midomo, tukasema, "Chama yetu."

Jioni nilimkuta uani.

"Yaya, nilitaka kukuambia."

"Ulijua tangu siku ngapi?"

"Tangu majuma matatu."

Alitikisa kichwa taratibu, akaokota randa, akaendelea na ubao wake. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Kesho yake alikwenda kwa Gérard. Nilimfuata, kwa kuogopa watapigana. Hawakupigana. Gérard alituletea viti.

"Amadi, benyewe ba Chama balinipa siku kumi na tano ya kutunga nyimbo sita," alisema. "Ningekosa, okestra inafungwa. Chama ndiyo inatupatia vyombo sasa. Unafikiri niko muntu huru?"

"Sikuulizi kama uko huru. Nakuuliza jina ya nani iko kwa karatasi."

"Ya kwangu," akasema Gérard.

"Ungekuja kuniomba."

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi," akasema Gérard, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha na kukataa kuomba kwa wakati mmoja.

Kulikuwa na ofisi ya kushughulikia haki za watunzi. Yaya alivaa shati lake la Idi akaenda. Karani alikuwa kijana wa kutoka jimbo la Kasai, mpole, amevaa koti lisilo na kola kama walivyovaa wote wa serikali. Alimwita "sitwayeni," neno lililochukua nafasi ya "bwana."

"Wimbo iliandikwa kwa nota?"

"Hapana."

"Ilipita mu redio?"

"Ilipita mu vilio."

"Vilio haina cheti, sitwayeni." Karani aliweka kalamu chini, akashusha sauti. "Sikiliza, baba. Nikifungua hii dosye ya mashitaka, pale pa mushitakiwa niandike nani? Ile wimbo sasa ni ya Chama. Ukisema ni ya kwako, unasema Chama imeiba."

"Mi sikusema hivyo. Umesema weye."

Karani akageuka rangi, akatazama mlango. "Rudia nyumbani," akanong'ona. "Nakuomba. Ju yako na ju yangu."

Angerudi akanyamaza, yangeishia hapo. Lakini mwezi uliofuata jirani yetu Chanda, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, alifiwa na mkewe, akamwomba Yaya aje. Yaya akafikiri, akaenda na gitaa. Safari hii hakuweka jina la marehemu. Aliimba *Feza yangu*, kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Watu walisikiliza vichwa chini. Wengine waliondoka kimyakimya. Kesho yake asubuhi vijana wawili wa Chama walimkuta karakanani wakamchukua, mikono yake bado ina vumbi la mbao.

Shitaka lao lilinishinda kuelewa mpaka waliponieleza mara mbili ofisini kwao. Walisema Yaya ameuchafua wimbo wa Chama. Kwamba pale palipo na "Chama yetu" ameweka "Feza yangu," na feza ni pesa, kwa hiyo anawafundisha watu kwamba Chama ni pesa ya mtu mmoja anayeita "yangu."

"Feza ni mtoto," nikasema. "Mtoto wake. Alikufa."

"Leta ushahidi," akasema mkuu wao.

Nilikimbia nyumbani. Habiba akafungua sanduku, akatoa kadi ya kliniki waliyomwandikia Feza uzito wake mwezi kwa mwezi. Tukaenda wote wawili. Mkuu aliisoma kadi ile pande zote. Nadhani aliniamini. Hata nadhani alimwonea Yaya huruma, na huruma yake ndiyo iliyotumaliza.

Wakamleta Yaya. Wakati huo alikuwa amekaa ndani siku tisa, ndevu zimemtoka na mvi ambazo sikuwahi kuziona.

"Bien, vizuri," akasema mkuu. "Mtoto alikuwako. Sasa jambo moja tu, nimuachilie. Mama Zabibu, wewe ni dada yake na uliimba kwenye sherehe. Wimbo gani ulitangulia? Wa Chama, au wa huyu?"

Nilielewa swali. Nikisema wa Yaya, basi Chama ni mwizi na sisi watatu hatutoki. Nikisema wa Chama, basi Yaya ni baba aliyechanganyikiwa kwa msiba, ameazima sauti ya wimbo wa Chama kumlilia mwanawe, na mtu wa namna hiyo husamehewa.

Habiba aliniangalia. Yaya hakuniangalia.

"Wa Chama," nikasema.

Wakaandika. Yaya akapewa karatasi atie sahihi kwamba aliazima na hatarudia. Alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa madrasa. Saa sita mchana tulikuwa barabarani, jua kali, watu wanaenda zao sokoni. Karibu na nyumbani Yaya akasema, si kwangu hasa, wala si kwa Habiba:

"Nilisema siasa iko kule Kinshasa, ya benye kuvaa makoti. Kumbe inafika mpaka mu kinywa ya muntu mwenye kulia."

"Yaya, nisamehe."

"Ulisema kile kilitakiwa. Ungesema ingine, tungelala kule." Akaweka mkono begani kwangu. Ulikuwa mzito.

Gitaa alimpa Chanda, ambaye hakujua kupiga, na ndiyo maana alimpa yeye. Vitanda aliendelea kutengeneza miaka minane zaidi, vizuri kama zamani. Walikuja vijana wa muziki kumwomba awafundishe, akawaambia wamekosea nyumba. Gérard alikuja mara moja. Alikaa, akanywa chai, wakaongea juu ya bei ya mbao. Hawakuwa na jambo jingine walilothubutu kuligusa.

Yaya alikufa kwa kifua mwaka wa themanini na tatu. Mbao za kaburi lake zilinunuliwa sokoni. Kwenye kilio hakuna aliyeimba. Mama Albertine alianza kufungua kinywa, akaacha, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na hakika maneno gani yangetoka.

Baada ya arobaini Habiba aliamua kurudi kwao Maniema. Nilimsindikiza stesheni, nikambebea sanduku. Treni ilichelewa, tukakaa juu ya sanduku hilo bega kwa bega kama tulivyokaa miaka yote. Nilimwambia yale niliyokuwa nimeyashika tangu ile siku: kwamba nilisema uongo ili mumewe arudi nyumbani.

"Najua," alisema. "Na alirudi. Namushukuru Mungu, na wewe nakushukuru." Alitazama reli. "Lakini Zabibu, kwa ile karatasi yabo, mwanangu hakuwa na wimbo."

Treni ilipofika alinipa mkono, akapanda. Barua niliyokusudia kumjibia sijaiandika bado.