Kigari cha Mama na Baraza la Shoga Yake

Nimechagua waume wawili katika maisha yangu, na wote wawili kwa pamoja hawakunihangaisha kama kile kigari cha sokoni cha mama. Mume ukimkosea, unarudi kwenu. Kigari ukikikosea, mamako anaanguka njiani na mtaa wetu wote wa Mishomoroni unatazama.

Mambo yalianzia magotini. Mama ni mtu wa kwenda sokoni mwenyewe. Haamini samaki aliyechaguliwa na mtu mwingine, hata mimi binti yake wa kumzaa, niliyefundishwa naye kumfunua samaki wa changu mashavu kabla sijajua kufunga viatu. "Wewe humwangalii samaki, waangalia simu," huniambia. Na soko lenyewe si mbali. Ukitoka kwetu unafuata uchochoro wa mchanga, unapinda kona mbili, unatokea barabarani penye vibanda vya mboga na meza za samaki. Mimi naenda na kurudi chai haijapoa. Mama alikuwa akitoka asubuhi anarudi adhuhuri, kwa sababu katikati ya njia pana baraza la shoga yake.

Hao wawili wamecheza pamoja, wameolewa pamoja, na wamekaa eda miaka iliyofuatana. Nyumba ya shoga yake ina baraza la mawe lililosakafiwa kwa saruji nyekundu, na kila alfajiri hulipiga deki kabla hajapiga mswaki. Mama akifika pale huketi. Wanaamkiana zile salamu za kwetu zisizokwisha, u hali gani, watoto je, na mguu je, na kuku je, kisha kahawa ya tangawizi inatoka ndani, na watu wanasemwa mpaka wanapaliwa huko waliko. Pale ndipo alipokuwa akipumzika. Bila kupumzika pale, mama hafiki sokoni.

Sasa siku moja aliketi akashindwa kuinuka. Baraza lile ni la chini, lilijengwa zamani magoti ya kila mtu yakiwa mapya. Shoga yake alikuwa ameingia ndani kurudisha vikombe. Mimi napita natoka dukani, nikamwona mama ameshika ukingo wa baraza kwa mikono yote, jasho linamtiririka, ananitazama kwa macho ya kuniita na mdomo kaufunga. Nikamtia mikono makwapani, nikamwinua. Aliposimama, kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka kuutazama mlango, kama shoga yake ameona. Hakuona.

"Wallahi ukimwambia mtu, mimi na wewe basi," aliniambia tulipopinda kona.

"Hata yeye mwenyewe?"

"Yeye ndiye hasa. Leo atasikia nimeshindwa kuinuka, kesho ataniletea uji nyumbani. Na mtu akishaanza kuletewa uji, ndio basi tena."

Tangu hapo hakuketi tena pale. Akipita husema, "Nna haraka, shoga yangu," na haraka yenyewe ni ya mtu anayetembea ameshika ukuta. Alikuwa akisalimia kwa kusimama, miguu inamtetemeka ndani ya buibui, kisha anajikokota. Baadaye ikawa anafika nusu ya njia anarudi na kikapu kitupu. Kaka yangu anakaa Port Reitz, na huja kwetu Jumapili kula na kutoa amri. Akasema mama sasa apumzike, awe anatumwa mtu. Mama akaliweka tonge chini.

"Siku mtakayoninunulia samaki," alisema, "nunueni na sanda, iwe safari moja."

Kaka akanawa mikono. Mimi nikaingia jikoni nikalia, wala sioni haya kulisema. Namjua mamangu, hakuwa akifanya mzaha.

Kigari cha aina ile nilikiona kwanza Shanzu, nilikopeleka sare nilizoshonea hoteli moja. Bibi mmoja wa Kizungu, mzee, alikuwa akikokota mkoba wa magurudumu kando ya barabara. Alipochoka akasimama, akafunua kifuniko, kumbe ndani ya fremu mna kiti cha kukunja. Akaketi pale pale juani, tena kwa raha zake. Nikasema, lo! Wenzetu wanatembea na baraza zao! Sikungoja hata kulipwa vizuri, nikarudi nyumbani nakiwaza kile kiti njia nzima.

Nikauliza huku na huku mpaka nikaelekezwa duka moja Bombolulu linalouza vyombo vya mtumba vya ng'ambo, baiskeli, majokofu, vitanda vya watoto. Nikaenda na mama, tukakuta vigari vitatu. Mimi moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwa kile cha maua ya njano. Mashallah, kizuri, kitambaa chake hata mimi ningekishona gauni. Mama akakikalia. Magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu, na kumtoa pale ilibidi tusaidiane mimi na muuzaji.

"Hiki ni baraza jingine," mama alininong'oneza. "Kirudishe."

Cha pili kilikuwa kirefu, lakini magurudumu yake madogo kama ya sanduku la safari. Mama akakitoa nje ya duka, akakisukuma kwenye mchanga, kikazama. Muuzaji, mtu wa bara, akasema, "Lakini mathe, hii ni ya kutembea kwa lami." Mama akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Baba," akamwambia, "lami utaileta wewe mpaka mlangoni kwangu?"

Cha tatu kilikuwa kibaya. Sina neno jingine. Rangi ya tope, chuma kinene, mfuko wa turubai kama gunia la makaa. Mama akakizunguka. Akakikokota dukani huku na huku akiwa na buibui lake, apate kuona kama pindo litaingia kwenye gurudumu, maana hilo ndilo lililokuwa likimtisha, kuvutwa buibui akaanguka kifudifudi. Pindo halikuingia, gurudumu lilikuwa na kinga. Akakaza breki. Akaketi. Akainuka. Akaketi tena, akainuka tena, mwenyewe, hakuna aliyemgusa, na hapo akacheka kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu siku ile ya barazani.

"Nichukulie hili baya."

"Mama, lile la maua tungelipandisha kiti kidogo..."

"Mimi siolewi nalo. Lichukue."

Kesho yake asubuhi akatoka nalo. Uchochoro mzima ulimcheka kwa mapenzi. "Bibi, leseni iko wapi?" "Bibi, nipe lifti mpaka steji!" Naye anajibu kila mmoja, kichwa juu, mchanga unamnyenyekea. Mimi nilikuwa nyuma yake, najifanya nakwenda dukani. Kufika mbele ya baraza la shoga yake, akasimama, akakaza breki, akafunua kiti, akaketi katikati ya njia.

"Sabalkheri, shoga yangu. Leo sina haraka."

Shoga yake alikuwa amesimama na ufagio. Akakitazama kiti, akalitazama baraza lake, bado lina maji ya deki, akakitazama kiti tena.

"Baraza langu limeota miba?" aliuliza.

"La, hata."

"Basi lina kunguni."

"Nna kiti changu tu, shoga..."

"Nakiona. Umekuja na kiti chako nyumbani kwangu."

Akauegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango. Angeubamiza ningepata nafuu. Aliufunga polepole, kisha tukasikia komeo.

Hapo ndipo akili ikanijia, na nikataka kujichapa makofi. Kwetu sisi, baraza ni uso wa mwenye nyumba. Hata mtu usiyependana naye, akikukaribisha barazani unagusisha kidogo, uketi japo sekunde, kisha ndio unashukuru unaondoka. Kulikataa baraza la mtu ni kumwambia yeye mchafu. Na hapa mama alikuwa ameshalikataa kwa miezi, kila siku ana haraka, halafu siku aliyokosa haraka amekuja na kiti! Mimi mzaliwa wa pale, na ulimi wangu wote huu, tulipima urefu, tukapima magurudumu, tukapima na buibui. Hilo halikutupitia akilini.

Mama alirudi nyumbani bila samaki. Siku zilizofuata hakutoka kabisa. Kigari kikaingizwa chumbani kwake, na samaki nikawa nanunua mimi. Alikuwa akila kimya kimya bila hata kunitolea makosa, na hilo liliniogopesha kuliko magoti.

"Mwambie magoti yanauma, yaishe!" nilimfokea.

"Simwambii."

"Afadhali mgombane?"

"Ugomvi huisha," alisema. "Kuhurumiwa hakuishi."

Mwishowe akapika mbaazi za nazi, akazitia kwenye sahani yake nzuri ya maua, akafunika kawa, akanituma. Shoga yake akapokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani. "Mwambie nimepokea, ahsante." Basi. Na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu wala hailali sana. Ikikaa, ujue moyo bado umefura. Sahani ile ikakaa. Kila siku mama ananiuliza, "Haijaja?" na kila siku namjibu haijaja. Nilikuwa nimekasirika mimi! Wazee wazima, kila mmoja amejifungia kwake na kiburi chake, na mimi katikati najichoma vidole kwa sindano.

Ijumaa moja alasiri nikasikia hodi. Nikainua kichwa kwenye cherehani, ni yeye. Ana sahani mkononi, imefunikwa, na uso umekaza, uso wa mtu aliyekuja akiyapanga maneno njia nzima.

"Shikamoo."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Chumbani, anasali."

"Nitamngoja. Leo ataniambia nimemkosea nini."

Akasimama. Upepo ukalipuliza pazia la mlango wa chumba, likapanda, na wote wawili tukamwona mama. Alikuwa ameketi kwenye kigari, breki zimekazwa, amevaa shela lake jeupe, ameelekea kibla. Ilipofika wakati wa kusujudu hakushuka. Aliinamisha kichwa tu pale pale juu ya kiti, mikono mapajani, kisha akakiinua. Mswala ulikuwa umetandikwa mbele yake, naye haufikii.

Mimi nilijua. Tangu magoti yamgomee alikuwa akisali ukingoni mwa kitanda, pazia limeshushwa, mtu asione. Lakini shoga yake hakujua. Huyo ndiye aliyesimama naye bega kwa bega Ramadhani zote, tarawehe mpaka rakaa ya mwisho, na mama ndiye aliyekuwa akimcheka yeye kwa kuchoka mapema.

Alitazama mpaka pazia likashuka.  Akaiweka sahani juu ya kitambaa nilichokuwa nashona.

"Tangu lini?" alininong'oneza.

Nilikuwa nimeapishwa. Nikainamia cherehani yangu. Akaelewa. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatoka kabla mama hajatoa salamu.

Kwenye sahani mlikuwa na vitumbua, bado vya moto. Alikuja na ugomvi mdomoni na vitumbua mkononi, ndio watu wa kwetu hao.

"Nani huyo?" mama aliuliza alipotoka.

"Shoga yako. Kaleta sahani."

"Kasema nini?"

"Hakusema kitu."

Mama akamega kitumbua. "Sukari nyingi," alisema, akachukua kingine.

Siku chache baadaye napita kwenda dukani, nikamkuta fundi mbele ya ile nyumba, na matofali, na karai la saruji. Analipandisha baraza, si lote, upande mmoja tu, mahali pa mtu mmoja. Mwenye nyumba amemsimamia, mikono kiunoni. Aliponiona akaniita kando.

"Kile kiti chenu urefu wake unafika wapi?"

Nikamwonyesha kwa kiganja, hapa kwenye paja. Akaweka kiganja chake pale pale, akakishikilia asikipoteze, akamwendea fundi hivyo hivyo amejishika paja. "Pandisha. Bado. Bado. Hapo."

Watu wanapita wanauliza, bibi, mbona baraza limekuwa na ngazi? Naye anajibu kila mmoja kwa sauti, mtaa usikie: "Magoti yangu, mwanangu. Yamenishinda. Siwezi tena kukaa chini, nifanyeje?"

Asubuhi saruji ilipokauka nikamwambia mama samaki wa jana walikuwa wameoza na mimi sikutambua. Uongo mtupu, Mungu anisamehe. Akatukana kidogo, akavaa buibui, akatoa kigari chake. Nikamfuata.

Shoga yake alikuwa mlangoni. "Karibu, shoga. Nimejijengea pa kukaa, magoti hayanipi raha. Hebu nijaribie, uone kama fundi amenila pesa."

Mama alilitazama lile baraza. Akamtazama mwenzake. Hakufunua kiti cha kigari. Akageuka, akaketi juu ya saruji mpya. Kahawa ikaja, wakasema watu, mimi mwenyewe nikasemwa mbele ya uso wangu. Kikombe kilipokwisha, mama akaweka mikono magotini, na shoga yake ghafla akawa na kazi kubwa ya kutazama kuku. Mama akainuka. Mwenyewe.

"Pole na magoti, shoga yangu," mama alimwambia.

"Nishapoa," alijibu. Akachuchumaa mbele ya kigari akafungua breki, kisha akainuka wima bila kushika kitu.