Harufu ya Asetoni kwa Pumzi ya Senje

Naandika kwa daftari kwa sababu kuongea hunishinda.

Senje, dada ya baba, ndiye amenilea hapa Malaba. Hupaka watu rangi ya kucha kando ya barabara, pale malori yanapongoja kuvuka kwenda Uganda. Tangu utotoni nimelala nikinusa dawa yake ya kufutia rangi, tamu na baridi, kama ndizi mbivu iliyowekwa kwa friji. Karibu ndoto zangu zote zina harufu hiyo.

Muhula huu mwalimu wa kemia alichora kaboni na oksijeni, katikati mistari miwili. "Hii ni kabonili," akasema. "Iko kwa sukari, iko kwa vanila, iko kwa asetoni ya kufuta kucha za mama zenu. Mwili ukishindwa kutumia sukari, unachoma mafuta, na hiyo asetoni inatoka kwa pumzi." Wenzangu walicheka. Mimi niliangalia ile mistari mpaka ikawa mikono miwili imemshika mtu asianguke.

Halafu ikaja wiki ya mfungo kanisani. Senje ana kisukari na hujidunga sindano kila siku. Akajiambia, kama sili, sindano ni ya nini? Akaiacha. Siku ya tatu, mchana, nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta kwa kochi, macho nusu, anahema kama aliyepanda mlima. Wamama wawili wa maombi walikuwa wamemwinamia.

"Nusa mdomo," mmoja akanong'ona. "Huyu amekunywa."

"Mfungo wote huu! Ni waragi ya ng'ambo hiyo."

Huyo wa pili, mke wa mchungaji, alikuwa na kikombe cha chai, sukari vijiko sita. "Dada, kunywa hii, pombe ikutoke."

Niliinama. Ilikuwa harufu ya ndoto zangu, lakini chupa za Senje zilikuwa zimefungwa sandukuni. Ilikuwa inatoka ndani yake.

Nikamnyang'anya mama mchungaji kikombe. Chai ikamwagikia leso yake.

"Wewe msichana! Kwani mmekunywa wote?"

"Si pombe, mama. Ni sukari imemzidi. Mkimpa hiyo atakufa. Niitieni bodaboda."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mama mchungaji mwenyewe ndiye alikimbia barabarani, leso ikidondosha chai.

Hospitalini mashine ya kupima ilikataa kuandika namba. Sukari ilikuwa imepita pale inapojua kuhesabu. Wakamwekea maji ya mshipa na dawa. Kesho yake Senje akafungua macho.

"Ati ulimpokonya mama mchungaji kikombe? Wewe, unayejibu salamu ukiwa nyuma ya mgongo wangu?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Siku hizi, kabla ya shule, namwomba anipumulie. Analalamika, halafu anafungua mdomo, haaa.

Leo ilikuwa harufu ya omena tu, dagaa wa jana usiku.