Bibi Alivyoingia Kwenye Mchezo wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Bariadi, na kitabu alichokipenda kuliko vyote hakikuwa na jalada. Ndani yake mlikuwa na michezo ya kuigiza ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyeandika zaidi ya miaka mia iliyopita. Habari za mwanamke huyo shangazi alizisimulia kama za jirani: alivyoambiwa kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, na alivyojifanya hasikii.

Nilipokuwa kidato cha pili, shangazi alitafsiri mchezo mmoja wa humo kwenye daftari. Mke wa mkulima anashinda jikoni peke yake, hana wa kumsemesha. Mke huyo nikawa mimi. Tulipewa nafasi kwenye sherehe ya mavuno kwetu Nkololo, na mwenyekiti wa kijiji akatoa sharti: watu wakiondoka, mwakani muda wetu unapewa kwaya. Na kwetu watu huondoka kweli. Vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu. Sisi tulikuwa na kigoda na sufuria.

Nilikaa, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Upande wa pili ngoma zikapamba moto, watazamaji wetu wakaanza kuchomoka mmoja mmoja. Shangazi alisimama pembeni ameshika kiuno. Nilimwonea huruma.

Ndipo bibi, mama yake shangazi, akanyanyuka kutoka mstari wa mbele. Bibi hakuweza kuvumilia kuona mtu kaachwa peke yake jikoni. Kwake hiyo ilikuwa aibu ya mtaa mzima. Akaja mpaka katikati ya mchezo, na mimi, badala ya kuendelea kuwa Mmarekani, nikapiga magoti kumsalimia Kisukuma.

"Mwadila, bibi."

"Mwadila. Mbona wamekuacha hapa? Lete choroko tuchambue."

Akachungulia sufuria. Ilikuwa tupu. Akasonya. "Na njaa wamekuachia!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Walioondoka wakarudi mbio kuuliza kuna nini, na hawakuondoka tena. Mama mmoja akapenya na ungo wa michembe, tukavila viazi hivyo vikavu palepale, watatu, tukipiga soga.

Baadaye nilimwomba shangazi msamaha huku nikilia.

"Nyamaza," alisema. "Yule mama wa Marekani hakuwa na bibi wa kuingia kwenye mchezo wake, ndiyo maana mke yule akabaki peke yake."

Bibi hayupo tena, na ninamkumbuka mno. Shangazi amestaafu, anaishi peke yake Bariadi. Mwezi uliopita alinipa lile daftari. Mwishoni, penye maneno "Mwanamke anabaki peke yake," amekata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "Bibi anaingia."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake bila kupiga simu. Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, redio imezimwa. Nikapiga magoti, nikamsalimia.

"Mbona wamekuacha hapa?" nikamuuliza.

Akasogeza ungo wa choroko katikati yetu.