Dole Gumba la Fundi

Katika kliniki moja ya masikio huko Temeke, dada wa utafiti alimsomea karatasi ya ridhaa fundi wa kuchomelea vyuma aliyeketi kando yangu. "Tutapima tu usikivu uliopotea kazini, hatutatibu. Umeelewa, baba?"

Kila mara midomo ya dada ilipotulia, fundi aliitikia kwa kichwa. Akatia dole gumba.

Dada alipoondoka, fundi alinigeukia akipaza sauti kana kwamba yumo karakanani: "Shikamoo, mzee! Mie sisikii kitu, na kusoma sijui. Wamesema lini nitasikia?"

Mimi niliyejifunza kusoma uzeeni niliwahi kuziitikia hivyo karatasi nyingi, kwa kuwa kuuliza kulikuwa na aibu zaidi kuliko kutia kidole.

Nikamtikisia kichwa polepole, kuashiria hapana. Akatabasamu, akaniitikia kama alivyomwitikia yule dada.